Usiniambie Ni Salama Ili Nipate Kulala

Mwanangu Evodi,

Sasa hivi umetoka jikoni. Ulikoroga sabuni ya unga kwenye kikombe cha plastiki, ukachovya kitambaa, ukapaka povu pale mpira unapoungana na kichwa cha mtungi wa gesi, ukainama kidogo, ukasema, "Hamna kitu, mama. Ni salama, wewe lala usingizi wako." Ukajifuta mikono kwenye suruali mpya, ile ile ya safari, ukapanda pikipiki nyuma ya baba yako mwende Bisibo kumuaga shangazi. Mimi nilibaki nimechuchumaa pale pale. Povu lilikuwa halijatulia, Evodi. Lilikuwa bado linacheza kwa sababu ya mkono wako. Nikalisubiri mpaka likakaa, likaanza kukauka pembeni, na kweli hakuna kipovu kilichovimba. Ulichosema ni kweli. Lakini ulipokuwa unakisema, ulikuwa bado hujui.

Hicho ndicho kilichonifanya nitafute kalamu kabla jua halijazama na kabla hamjarudi.

Mambo ya nguo, chakula na dawa bibi yako ameshakuambia, na atakuambia tena kesho gari likiwa linaondoka. Mimi nina jambo moja, na nitalizunguka zunguka kwa sababu sijui kuandika kwa kunyoosha. Niliishia darasa la saba, na wewe nilikuzaa nikiwa bado nina hamu ya kuruka kamba na wenzangu. Mengine tumeyajua pamoja, mimi na wewe, kama watu wa umri mmoja.

Ni yule mtu wa kwenye simu. Yule atakayekuwa msimamizi wako huko Dar es Salaam kwenye kazi ya mabomba ya gesi. Ulimweka kwenye spika ili na sisi tumsikie, na baba yako akavuta kigoda karibu kama anasikiliza mpira. Mtu ana sauti nzuri, sikatai. Akauliza kama umejiandaa, ukajibu ndiyo, ukamuuliza, kwa adabu kabisa, "Na ile kazi ya kupima bomba, bosi, nitaanza mapema au mpaka nizoee?" Naye akacheka, akasema, "Kijana, usiwe na wasiwasi. Kupima siyo kazi. Mshale wa geji ukikataa kukaa, sisi tunajua namna ya kuukalisha."

Ukacheka. Baba yako akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa napepeta maharage, nikaendelea kupepeta.

Ulipokata simu nilikuuliza, "Anaukalishaje?" Ukasema, "Utani wa mafundi, mama." Baba yako akadakia, "Evodi, mwache mama yako. Huyu wangempa kazi ya mpakani kule Ngara, angepekua hata kanzu ya padri." Tukacheka wote, na mimi nilicheka. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha maana ya huo mshale. Ulichukua mrija wa juisi, ukaziba upande mmoja kwa kidole, ukapuliza, ukaniambia bomba jipya kabla halijatiwa gesi linajazwa upepo kwanza, linafungwa, watu wanakaa kulisubiri. Mshale ukibaki pale pale, bomba ni zima. Mshale ukishuka hata kidogo, kuna mahali panavuja, na pasipoonekana leo pataonekana siku kuna moto. Sasa mtu anayeukalisha mshale anafanya nini? Mimi sioni utani hapo. Ninaona mtu aliyezoea.

Unajua kwa nini mimi niko hivi. Watu wa hapa Nyamigogo, Biharamulo, husema ni kwa sababu nimetoka Murukulazo kule Ngara. Bibi yako tangu nimeolewa ananitania, "Nyie Wahangaza mnadhania kila mtu ana sumu mfukoni." Ni kwa sababu ya pombe ya ndizi. Kwetu mgeni hanywi mpaka mwenye nyumba aonje kwanza, mbele ya watu, ameze, akae. Hakuna anayekasirika. Hata ndugu wa tumbo moja anaonja. Siku ya kwanza kumkaribisha bibi yako nilionja mimi kwanza, yeye akadhani nina kiu na sina adabu. Baadaye nikamweleza kwamba kwetu ndiyo adabu yenyewe, kumwonyesha mtu kwamba ana haki ya kukutilia shaka. Akasema, "Basi ninyi mnapendana kwa kuogopana." Sijui kama alikosea.

Na hiyo adabu ndiyo iliyoniponza.

Wewe ulikuwa shule siku yule muuza mitungi alipokuja. Umesikia habari yake vipande vipande, tena zaidi kwa utani wa Adventina, kwa hiyo leo nikupe yote. Alikuja na kipaza sauti na shati la mistari, akaomba jiko la mtu mmoja aonyeshe. Nikatoa la kwangu. Tulijaa mle jikoni wanawake wengi, mama yangu naye alikuwepo, alikuwa amekuja kunisalimia. Jirani yetu Adventina, unamjua mdomo wake, akauliza, "Na ikilipuka?" Yule akasema, "Mama, kama inalipuka mimi ningekuwa nimesimama hapa?" Akaunga mpira, akawasha kwa mkono wake mwenyewe, akachemsha chai kwenye sufuria yangu, akawa wa kwanza kuinywa. Mama yangu akaninong'oneza kwa Kihangaza kwamba huyu ameonja. Basi, ikawa imeisha. Mimi ninayemtilia shaka kila mtu, siku hiyo nikatulia kabisa, kwa sababu aliyetoa kitu amekionja mbele yangu.

Sikufikiri kwamba pombe ukiionja saa hii, ndiyo hiyo hiyo utakayoinywa jioni. Gesi siyo hivyo. Yule alionja moto wa siku moja, akaenda zake, na mpira ukabaki kwangu kuzeeka.

Halafu tukaharibu zaidi. Lile jiko lilikuwa na tundu juu na dirisha dogo chini, vya moshi. Baba yako akasema, sasa moshi haupo tena, matundu ya nini? Akaziba yote kwa matofali, kuku wasiingie. Nikamsifu. Nikamwambia sasa jiko limekuwa kama sebule.

Baada ya muda nikaanza kusikia harufu ya kuoza. Na mimi wakati huo nilikuwa nimeloweka mihogo kwenye ndoo mle mle jikoni ili ivunde kabla ya kuianika. Unaijua harufu ya mihogo ya kuvundika. Nani katika nyumba zetu angesikia harufu ya kuoza jikoni afikirie kitu kingine? Bibi yako alipita mlangoni akaziba pua, akasema, "Mkwe wangu, mihogo yako imepitiliza." Nikakasirika. Mihogo yangu haijawahi kupitiliza tangu nikiwa msichana. Nikamjibu, "Mama, labda ni pua yako iliyopitiliza," tukanuniana. Nikaiopoa mihogo nikaianika nje. Harufu haikuondoka, nikasema ni ndoo. Nikaisugua ndoo. Asubuhi nikifungua mlango harufu inanipiga usoni, nasema ni sakafu imenywa maji ya mihogo. Evodi, nilikuwa na jibu kwa kila siku. Hicho ndicho ninachokiogopa kuliko ujinga. Ujinga unauliza. Mimi nilikuwa najibu.

Asubuhi moja Adventina akaja na kaa la moto kwenye kigae, kama tunavyofanya siku zote, kwa sababu nilikuwa nimemwambia nataka kuwasha mafiga ya nje nichemshie nguo. Akapitia jikoni kunitafuta, akafungua mlango, akainama kuweka kigae chini. Moto ulikimbia sakafuni. Haukupanda kama moto wa kuni, ulikwenda chini chini kama maji yaliyomwagika, ukamshika kanga na miguu. Mlango ulikuwa wazi, ndiyo maana tunaye. Nilimvuta nje nikamfunika kwa gunia lililolowa. Mguu wa kushoto ndio huo unaouona, kile kigozi kinachong'aa mpaka kwenye goti. Yeye anacheka nao. Akinipigia hodi anasema, "Mama Evodi, moto wako wenye miguu umeshafungiwa bandani?" Mimi nacheka naye, halafu nikiingia ndani sicheki.

Alipokuja fundi wa mjini akapaka sabuni, ndipo tukaliona povu likivimba. Kipira cha ndani, kidogo kama ukucha wa mtoto, kilikuwa kimepasuka. Na kumbe ile harufu huwekwa makusudi ili mtu ashituke. Nilimpata yule muuzaji sokoni nikamuuliza, kwa upole kabisa, nani alitakiwa kuja kukagua ule mpira baada ya yeye kuondoka. Akasema, "Mama, sisi tunauza tu. Wakaguzi wapo." Nikamuuliza, wapo wapi? Akasema, "Wapo." Nikamuuliza, umewahi kumwona hata mmoja? Akaangalia pembeni, akarudia tena kwamba wapo.

Hilo neno sijalipenda mpaka leo. Nikilisikia najua kila mtu anamtazama mwenzake na katikati hakuna mtu.

Na wewe unakumbuka ulichoniambia ulipomaliza chuo cha ufundi. Tulikuwa tunapalilia kule juu, nikakuuliza kwa nini mabomba ya gesi na siyo umeme kama wenzako. Ukasimama na jembe, ukasema, "Mama, mimi nataka niwe huyo wanayesema yupo." Nilijifanya nang'oa kwekwe kubwa. Nililia pale pale kwenye mahindi, sasa nakuambia.

Ndiyo maana kicheko cha yule mtu kimenichoma. Hakunicheka mimi. Aliicheka kazi uliyoichagua.

Juzi ulinisomea zile kanuni kwenye simu yako, sijui kama ulijua ninavyosikiliza. Kwamba bomba lipimwe kabla halijafukiwa. Kwamba vali ya kufungia isizibwe na kitu, mtu aweze kuifikia haraka. Kwamba panapopita bomba pawekwe alama ili mchimbaji asije na sururu yake bila kujua. Kwamba gesi itiwe harufu. Kwamba aliyejenga asijikague mwenyewe akamaliza. Wewe ulikuwa unasoma haraka haraka kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Mimi kila ulipotaja moja niliona mguu. Nilisema moyoni, hapa kuna mtu aliziba tundu, hapa kuna mtu aliionja chai akaondoka, hapa kuna mwanamke aliisugua ndoo. Kanuni hizo hakuna aliyezitunga akiwa amekaa kivulini anakunywa soda. Kwa hiyo yule anayejua namna ya kuukalisha mshale, mimi simwoni kama anadanganya karatasi. Anamkanyaga Adventina.

Uliniambia pia kwamba hiyo gesi ya bomba siyo kama hii ya mtungi. Hii yetu hulala chini, hiyo ya kwenu hupanda juu kwenye dari. Nilifurahi kulijua, halafu nikaogopa. Maana yake hata haya niliyoyajua kwa kuungua hayatakufaa yote. Usiyabebe kama yalivyo. Na ukiingia nyumba ya mtu huko, ukamuuliza mama wa nyumba kama anasikia harufu, akikuambia hasikii, usimwamini haraka. Muulize kwanza ndani ya nyumba yake huwa kuna nini kinachonuka kila siku. Labda ni samaki, labda ni mtaro wa nyuma. Kila nyumba ina mihogo yake. Na akikuambia anasikia, wewe usiwe kama mimi, usimpe jibu hapo hapo.

Sasa nirudi kwako, maana nimekuwa nikilikwepa.

Mimi simwogopi yule msimamizi peke yake. Nakuogopa wewe, mwanangu. Siyo kwa ubaya wako, kwa wema wako. Wewe hupendi mtu akae na wasiwasi mbele yako. Tangu mdogo, bibi yako akiuliza kama ng'ombe wameingia wote, unasema wote, halafu unakwenda mbio gizani kuwahesabu. Mara nyingi huwa wote. Leo umefanya hivyo hivyo kwa povu. Uliona nina hofu ya kuachwa, ukataka nilale. Na mtu mwenye moyo kama huo hawahitaji kumhonga wala kumtisha. Wanamwambia tu, "Evodi, watu wa mtaa huu wamesubiri gesi siku nyingi, wanawake wamechoka na mkaa, tusiwacheleweshe." Basi. Utawahurumia, utasema bomba ni zima, ili walale.

Na hilo umelirithi kwangu. Unakumbuka ulipokuwa bweni, ukawa unanipigia kwa simu ya mwalimu wa zamu, nami nakuambia tuko wazima? Nilikuwa kitandani. Nilikuwa siwezi kusimama bila kushika ukuta. Nikasema wazima, mwanangu soma. Ulipofunga shule ukaja ukanikuta nimebaki macho tu, hukunisalimia hata shikamoo. Ulisimama mlangoni ukaniambia, "Mama, ulinidanganya kwa sauti nzuri." Nilisema nilifanya kwa kukupenda. Ukaniambia, "Ungeniambia ningekuja." Maneno hayo sijayasahau. Kumtuliza mtu ni kumnyima nafasi ya kufanya kitu. Mimi nilikunyima wewe. Adventina naye nilimnyima, maana mara ngapi alisema, "Jiko lako lina harufu, wewe mwanamke," nami nikamwambia, "Ingia bwana, ni mihogo."

Kwa hiyo nakuomba, na siyo amri. Ukiulizwa kama ni salama na hujui, sema hujui. Sema, "Nimepima hapa na hapa, pale bado." Watakuona mshamba. Watasema kijana wa Biharamulo anaogopa geji. Acha waseme. Waulize nani aliyejenga na nani anayekagua, na kama ni mtu mmoja au wanakula sahani moja, waulize tena. Uliza kwa heshima, uwape shikamoo zote wanazostahili, lakini uliza. Kwetu mtu akikutilia shaka kwenye chungu anakuheshimu, nawe waheshimu hivyo. Tena usikubali wakionja mara moja. Rudi. Wakisema mshale umekaa, kaa nao.

Nina matumaini, usidhani sina. Huenda yule mtu ni mtani kweli na utanicheka ukirudi likizo. Huenda kuna wenzako huko waliosoma kwa moyo kama wako, na wakubwa wanaoipenda kazi, na mimi hapa namsingizia mtu ambaye sijawahi hata kumwona sura. Nitafurahi sana kuwa mwongo. Siku moja labda bomba hilo litafika hata huku kwetu, na wewe ndiye utakayekuja na geji, na bibi yako atakuuliza maswali mpaka uchoke.

Lakini kama siyo utani, kama watakupa kuchagua kati ya kuukalisha mshale na kurudi nyumbani, rudi. Najua baba yako anavyoihesabu hii kazi. Ameshawaambia watu wa kanisani, ameshawaambia mpaka watu wa Murukulazo. Atanuna, na kununa kwake nakujua, ni kwa muda wa mavuno mamoja. Mimi nitakaa naye. Wewe rudi. Wala usije kwa njia ya nyuma ya migomba na begi limefichwa kama mtu aliyeiba. Pita katikati ya soko, mchana, watu wakuone. Wakiniuliza kwa nini mtoto wa Mama Evodi amerudi mapema hivi, sitawaambia alikuwa anaumwa, sitawaambia kazi iliisha. Nitasimama pale pale kwenye mafungu ya dagaa, niseme kwa sauti kwamba mwanangu aliulizwa kama ni salama, akawaambia bado hajui, wakamwambia aseme hivyo hivyo, akakataa, na mimi mama yake nimefurahi.

Bibi yako ananiita huko nje, anasema wageni wa kukuaga wameshaanza kuingia na hakuna hata mtu wa kuwapa kiti.